Kitu ya mu Sikio ya Kushoto

Ni ya kushoto. Hiyo ya kushoto njo haisikie tena. Kwa hiyo weye mwenye unapenda kunisengenya, njoo ukae upande huu, nafasi iko. Mwenye iko na salamu ya kweli akae upande ule mwingine. Hivi tutaishi kwa amani.

Mama prezida wa mutualite yetu, hii chama yetu ya kusaidiana, ameniambia niseme asanti yangu kwa kifupi. Na nyinyi mumecheka. Ndugu zangu, nitajaribu. Sikusoma, sijui namna watu wanafupisha. Na jina ya muntu sitataja hata moja, juu wengine wako hapa, wamevaa kitenge ya muzuri, sitaki niwaharibie siku.

Wote munanijua kwa soko, pale pa ndagala, samaki ndogo za ziwa. Lakini wengi hamukunijulia kwa ndagala, mulinijulia kwa kilio. Kwetu kule Runingu, kama muntu mukubwa amekufa, kilio haiishe na machozi. Siku ya kumaliza, watu wakisha kuoga, wakisha kula, muntu mumoja wa kutania anasimama, anavaa kofia ya marehemu ao anashika fimbo yake, na anaongea kama yeye. Namna alikuwa anakohoa mbele ya kuomba chumvi. Namna alikuwa anafukuza kuku na kuitukana na jina ya shemeji. Watu wanalia, kisha wanaanza kucheka ndani ya machozi, na hapo njo wazee wanasema: sasa amelala, muende nyumbani.

Ile kazi ni yangu, tangu nikiwa musichana. Nikaolewa hapa Uvira, kwa mume Muislamu, muuza vitenge, mutoto wa wale wafanyabiashara wa zamani. Jamaa yake mwanzoni walinikatalia, ati hiyo si adabu. Kisha shangazi yao akafa, na wao wenyewe wakakuja kunitafuta. Toka siku ile, Kavimvira mpaka Luberizi, Muislamu, Mukristo, wote wananiita.

Na kazi hiyo unaifanya na nini? Si na nguvu. Sikio inachukua sauti, uso inaitoa. Mudomo, macho, shavu. Mukumbuke hiyo, juu habari yote iko pale.

Sasa, mume wetu alikufa. Ninasema wetu juu tulikuwa wawili: minye, muke mukubwa, na mukeba wangu, muke wake wa pili, mwenye ninakaa naye mu parsele moja, kiwanja moja, mpaka leo. Siku aliletwa, nilitupa godoro yake inje. Akairudisha. Nikaitupa tena. Akairudisha, akailalia, akasinzia. Mwenyewe iko hapa na sisi. Musigeuke. Nimesema musigeuke, na munageuka.

Siku ya kumaliza kilio ya mzee, nani atamuiga kama si minye? Nikavaa koti yake, nikaingia kwa mulango namna yeye alikuwa anaingia, tumbo mbele, na nikauliza kwa ile sauti yake ya puani: "Nani amehamisha kiti yangu?" Watu wakaanguka na kicheko. Hata mukeba wangu alicheka, na yeye hacheke bure.

Haikupita wakati murefu, sikio ya kushoto ikaanza kulia. Kama masini ya kusaga muhogo iko mbali, ng'ambo ya muto. Iiiiii. Ninapika, inalia. Ninasali, inalia. Kisha ikaanza kunipotezea watu. Telefone nikiiweka upande huu nasikia upepo tu, nikiihamisha upande ule, kumbe mutoto iko anaongea vizuri. Watu wananisalimia, sijibu. Wakasema: yule mama, tangu mume amekufa, iko na majivuno. Mulisema. Hata weye pale ulisema, nilisikia na hii moja ilibaki.

Halafu kichwa nayo. Muguu inaenda huku, kichwa inaenda kule. Nilikuwa ku muchanga pale kando ya ziwa, naanika ndagala, nikainama kidogo, na dunia ikainama pamoja na minye. Nikaanguka na beseni yote. Wavuvi wakasema bibi amekunywa pombe ya kasiksi asubuhi. Nikacheka nao. Lakini siku ingine moto moja, pikipiki, ikatokea kushoto, karibu inichukue na kitenge yangu, na sikuisikia hata kidogo. Siku ile sikucheka.

Dawa zikaanza. Jirani mumoja alisema ni mududu ameingia. Akanitilia mafuta ya mawese ya vuguvugu mu sikio, mpaka shingo ikanuka sombe, kama majani ya muhogo mu chungu. Mududu hakutoka. Kisha akakuja mama mumoja wa maombi, ule anaongea kama pilipili iko ku ulimi, sh, sh, sh, akaniwekea mukono ku sikio, akafumba macho, akakaa hivi, akasema si mududu. Ni mzee. Ulimuiga na hakufurahi. Ameingia mu sikio, na ile mulio ni yeye anatafuta kiti yake.

Munacheka. Minye niliamini. Ndugu zangu, juu ya nini nisiamini? Maisha yangu yote ninaazima sauti ya wafu, na hakuna siku niliuliza kama wanakubali. Nikasema basi, mumoja amekuja kuchukua yake. Nikaacha kazi. Watu wakikuja kunitafuta juu ya kilio, nawaambia niko na homa. Vilio vikaisha kimya, watu wakarudi nyumbani na uzito wao wote, na minye naogopa nisiongeze mwingine mu sikio, maana nafasi haikuwa tena.

Mutoto wangu wa kwanza, ule analima muchele kule Luberizi, njo alinichukua kwa nguvu. Tukavuka mpaka Bujumbura. Kule wakaniingiza mu ile masini wanaita IRM. Ni kama bomba kubwa, unalala ndani, na inapiga kelele kama mafundi kumi wanapigilia mabati. Nikafikiri: kama mzee iko mu sikio, leo atatoka mwenyewe.

Kisha munganga akatuita. Yule munganga anaongea polepole, kama muntu anavuka muto amebeba mayai. "Mu-ke-cu-ru. Hii ki-tu. Si kan-sa." Mukecuru njo bibi muzee kwa Kirundi. Nikataka nimusaidie kumalizia. Akatuonyesha picha. Ndani ya kichwa yangu, karibu na sikio, kulikuwa kadoa keupe kama haragi, punje moja ya maharagwe. Akasema ni uvimbe, umeota ku musipa wa sikio, ule unasikilisha na unasimamisha muntu asianguke. Haitembee mwilini, haikule muntu. Inakua tu, polepole.

Nikamuuliza kama inafanana na muntu. Mutoto wangu akanifinya. Lakini munganga hakunicheka. Akaangalia picha tena, kwa heshima yote, akasema hapana, haifanane na muntu.

Akatuambia tungoje, turudi tena kwa picha ingine. Tukangoja. Tukarudi. Ile haragi ilikuwa imekuwa haragi ya kulowekwa. Akasema kungoja imeisha, sasa kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni kupasua nyuma ya sikio na kuitoa. Yeye mwenyewe ni mupasuaji, anaweza. Lakini akachukua uzi mbili, akazipitisha mu tundu moja ya sindano, akanionyesha. Akasema musipa wa sikio na musipa wa uso vinapita hivi, mu tundu moja ya mufupa, na uvimbe umekaa hapo hapo. Atakuwa muangalifu, na wengi wanatoka na uso yao muzima. Lakini hawezi kuapa. Uso inaweza kuanguka upande moja, jicho isifunge.

Nikamuuliza mudomo nayo? Akasema mudomo nayo.

Njia ya pili iko kule Nairobi, ni rayo. Hawapasue. Masini inatuma miale toka pande nyingi, na yote inakutana pale ku haragi. Haiumi. Lakini uvimbe hautoke. Unabaki pale pale mu kichwa. Unaacha kukua, pengine unanyauka kidogo, na itabidi kila wakati urudi kwa picha waone kama unatii. Mara chache hautii, na hapo kupasua inakuwa ngumu kuliko mbele. Na sikio yenyewe, hata njia gani, hairudi.

Nikamuuliza gani ni muzuri. Akasema kwa ukubwa wa ile kitu, na kwa miaka yangu, zote mbili ni njia. Kichwa ni yangu, nichague.

Minye. Muntu nikivaa kanzu naigeuza, mutoto njo ananiambia mbele iko wapi. Eti nichague.

Tukarudi Uvira, tukaita baraza mu parsele. Mutoto wangu wa Luberizi akasimama kama anaongea na ngombe ziko ng'ambo ya mufereji: "Mama! Funza huiache mu kidole! Unaitoa, na kifuko yake!" Watu wote wakaitika, juu wote tumetoa funza, na tunajua ukiacha kifuko ndani, kidole inaoza. Mama wa maombi naye akasema itoke, sh, sh, mwenye kukaa bila kualikwa lazima atoke. Binti yangu, ule aliolewa Nairobi, tukamuweka mu telefone ku kiti katikati yetu. Siku hizi anaongea Kiswahili ya kule, haraka kama maji ya mvua mu mabati. "Ma, wacha hizo mambo za funza bana, kichwa si kidole!" Kaka yake akaijibu telefone. Telefone ikamujibu. Wakabishana mpaka chai ikalala.

Na minye nilikuwa kati, sisikii nusu yao, na ile nusu ninasikia hainisaidie. Ndugu zangu, nilikuwa nataka vitu viwili: uso ibaki, na ile kitu itoke. Nikifikiria kupasuliwa, naona nimesimama mbele ya wafiwa, mudomo imeteremuka hivi, muangalie, hivi, na watu wanacheka minye, si marehemu. Nikifikiria rayo, naona mzee amekaa mu kichwa yangu, amepata kiti yake, na hatoke mpaka tunazikwa pamoja. Masini gani itakuja kumufanya anyamaze? Nikaanza kulia mbele ya watoto. Mutoto wangu akaona machozi, akasema basi, kesho tunapasua, shauri imekatwa.

Mukeba wangu alikuwa amekaa ku mukeka, anachambua ndagala, anatoa michanga. Hakuna muntu alimuuliza kitu. Akasema neno moja, bila kuinua kichwa, na baraza ikaisha. Ninasema ikaisha. Mutoto wangu akachukua kofia yake. Mama wa maombi akatafuta kiatu. Ile telefone ikacheka mpaka unite, pesa ya kuongea, ikakatika. Na minye nikafuta machozi, nikauliza Nairobi iko mbali namna gani.

Hiyo neno nitawapa. Muache nimalize kwanza. Munanikazia macho kama paka kwa samaki ya mukeke.

Wakasema muntu haende lopitali bila mulinzi wa kumuuguza. Binti zangu wote wako na watoto ku mugongo. Nani akafunga mufuko? Mukeba wangu. Tukapanda ndege, wajane wawili wa mume mumoja, yeye anashika mukono yangu ya kushoto juu huko njo ninaangukia. Mwenye alikaa pembeni yetu akauliza kama sisi ni ndugu. Mukeba akajibu ni zaidi kidogo.

Kule Nairobi waliniwekea wavu ku uso. Ndugu zangu, wavu kabisa, ya plastiki, wanailoweka mu maji ya moto, wanaibandika ku uso inashika umbo yako, kisha wanakufunga nayo ku kitanda usitikisike. Nikasema leo njo nimekuwa ndagala. Yule kijana wa masini hakujua ndagala ni nini, nikamuahidi nitamuletea. Masini ikazunguka, zzzz, pole kabisa. Nikangoja moto. Hakuna moto. Nikangoja maumivu. Hakuna. Nilikuwa nimejitayarisha kuteseka, nikasinzia.

Pale nilikutana na mama mumoja wa kwao. Yake ilikuwa kubwa, ilikuwa inasukuma ubongo, walimupasua juu hakuna njia ingine. Jicho moja ilikuwa haijafunga vizuri, lakini alikuwa anatembea, anakula, ananiuliza bei ya kitenge. Ninawaambia hiyo juu nisisikie kesho mu soko kwamba bibi amesema watu wasipasuliwe. Sikusema. Kila haragi iko na chungu yake.

Kurudi haikuwa sukari. Munganga alikuwa ameniambia ile kitu inaweza kuvimba kidogo mbele ya kutulia. Ikavimba. Nilikuwa natembea nimeshika ukuta kama mutoto anaanza. Nyinyi wa mutualite njo mulinibebea maji, mukanianikia ndagala, na mumoja wenu, sisemi nani, alichagua zile kubwa kubwa akaenda nazo. Nilikuona. Sikio ilikufa, macho iko.

Kisha tukarudi Bujumbura kwa picha. Munganga wa mayai akaangalia. Akaweka picha ya zamani hapa, ya mupya hapa. Akaanza: "I-me-si..." Sikungoja amalizie. Nikamuinukia palepale, nikamushika mikono. Imesimama. Haikuongezeka. Na picha ingine ya nyuma yake, vilevile. Iko pale, imekaa, inanyamaza.

Mulio inakuja tena mara kwa mara, hasa kama nimechoka. Siku hizi naiambia kiti yako iko pale pale, mzee, kaa.

Na uso? Muangalie wenyewe. Hii ni mama prezida akiona muntu amechelewa. Hii ni mwenye kuuza muchele akiapa haukulowa. Na hii... hapana, hiyo niiache, mwenyewe amekaa mbele.

Wakati wa mvua, muvuvi mumoja muzee alikufa, kule Mulongwe. Watoto wake wakakuja, wanaogopa hata kuuliza. Nikavaa kofia yake. Alikuwa na mazoea ya kufyonza jino mbele ya kusema uongo. Nikafyonza. Mudomo ikaenda vizuri pande zote mbili. Mujane wake alikuwa hajala tangu mazishi. Akacheka mpaka akakamata ukuta, kisha akaomba ugali. Nikarudi nyumbani, nikalala kama muntu alilipwa na Mungu.

Sasa asanti. Asanti kwa Mungu, ile ya musikiti na ile ya kanisa, watajuana wenyewe. Asanti kwa watoto wangu, mwenye sauti ya ngombe na mwenye sauti ya mvua. Asanti kwa wale waganga walijua kitu mingi na hawakuniona mujinga. Asanti kwenu. Hata mama wa maombi, asanti, juu alikuja, wengine hawakukuja.

Na kama munatafuta fundisho, nina moja. Kama sikio yako moja inalia na ingine inanyamaza, usingoje mafuta, usingoje wafu. Enda wakupige picha. Kisha uliza njia zote, uliza kila njia inakula nini na inaacha nini, na uangalie kitu gani mwilini mwako huwezi kuishi bila hiyo. Minye ilikuwa uso. Weye pengine ni ingine. Na usifikiri kila kitu mubaya lazima itoke ndani ya nyumba.

Hiyo ya mwisho si yangu. Ni ya yule iko pale nyuma, anajifanya anafunga kilemba. Sasa mugeuke. Siku ile ya baraza, watoto wanapiga kelele, mutoto wangu anasema kesho wapasue, minye ninalia, ati nitaishi namna gani na kitu haitaki kutoka. Yeye akatupa muchanga kando, akachukua ndagala ingine, na akasema hivi, na hii sauti yake kavu:

"Minye pia ulitaka nitoke. Sikutoka. Ulikufa?"